Sosi ya Matunda Damu: Somo la Asidi Kutoka Jikoni

Waingereza wana desturi ya kula nyama pamoja na tunda. Nguruwe wa kuchoma huliwa na sosi ya matufaa, bata mzinga na sosi ya kranberi, na paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi huliwa na sosi ya Cumberland. Hii ya mwisho hupikwa kwa jeli ya redikaranti, tunda dogo jekundu na kali la Ulaya, pamoja na chungwa, limao, haradali na mvinyo mtamu wa Ureno uitwao Port.

Ukimsomea mwanafunzi wa Igogwe, kule Rungwe, orodha hiyo atakuangalia tu. Redikaranti haijui, na Port ndiyo kabisa. Nilikaa Igogwe wakati wa BTP na nikaona jambo hilo hilo kwenye mada ya asidi: wanafunzi wanakariri maana yake kwa Kiingereza vizuri sana, lakini ukiwauliza asidi iko wapi nyumbani kwao, kimya. Wakati huo huo nje ya dirisha kuna mti wa matunda damu.

Tunda damu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa New Zealand ndio waliolibatiza jina la kibiashara, tamarillo, mwaka 1967. Kwetu linapenda nyanda za juu zenye baridi na mvua. Lina ukali, rangi nyekundu na pektini ya kutosha, yaani sifa zile zile zinazotafutwa kwenye redikaranti. Kwa hiyo sosi ya Cumberland inapikika Rungwe bila kuagiza kitu kutoka Ulaya.

Mahitaji

Matunda damu mekundu yaliyoiva nusu kilo, sukari vijiko vikubwa 6, chungwa 1, limao 1, tangawizi mbichi kipande kidogo, haradali nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Mvinyo tunauacha.

Namna ya kupika

1. Mwagia matunda maji yanayochemka, acha dakika 3, kisha menya. Ganda ni chungu, lisiingie.
2. Katakata, weka maji nusu kikombe, chemsha dakika 15 hadi yalainike. Tumia sufuria ya stili. Asidi hula alumini na kuharibu ladha.
3. Chuja kwa kukandamiza na mwiko ili mbegu zibaki kwenye chujio.
4. Kwangua ganda la nje la chungwa na limao, bila ile nyama nyeupe ya ndani ambayo ni chungu. Kata nyuzi nyembamba, chemsha dakika 3 kwa maji mengine, mwaga maji.
5. Rudisha rojo jikoni na sukari, chumvi, nyuzi hizo, tangawizi iliyosagwa na maji ya chungwa na limao. Moto mdogo, dakika 10 hadi 15, ukikoroga.
6. Dondoshea tone kwenye sahani baridi na upitishe kidole. Njia ikibaki wazi, imeiva. Ipua, changanya haradali, acha ipoe. Ikipoa huzidi kuwa nzito.

Kula na kitimoto, mbuzi wa kuchoma au kuku. Hii si jamu, sukari yake haitoshi kuihifadhi: kwenye friji imalize ndani ya wiki moja, na kama geto lako halina friji, imalize kesho yake.

Sasa somo liko wapi?

Kwanza, kwa nini ukali na nyama? Mafuta hufunika ulimi. Asidi huamsha mate, mdomo unasafishika na tonge linalofuata linakuwa na ladha upya. Ndiyo maana sisi tunakamulia limao kwenye mishkaki na kuweka kachumbari pembeni ya kitimoto. Mwingereza na muuza nyama wa Tukuyu wanafuata kanuni moja.

Pili, kwa nini inaganda? Pektini iko kwenye kuta za seli za tunda. Joto huitoa, asidi na sukari huisaidia kushikana na kufanya wavu unaonasa maji.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: je, sukari inaondoa asidi? Wengi watajibu ndiyo, kwa sababu ukali umepungua mdomoni. Chukua vikombe viwili vya maji ya limao, kimoja kitie sukari. Chovya litmasi ya bluu kwenye vyote: zote zinageuka nyekundu. Huna litmasi? Tia soda ya kuoka, vyote vitatoa povu. Sukari imeudanganya ulimi tu, asidi iko pale pale. Kuonja kufanyike jikoni, kamwe si maabara.

Wenzangu mnaojiandaa na BTP, tafuteni tunda kali la mahali mnapopangwa. Pwani kuna ukwaju na mbilimbi, kwingine kuna ubuyu. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona asidi kwenye sufuria ya mama yake hatababaika akikutana na neno lake la Kiingereza kwenye mtihani.