Injini Imegoma: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Gari limechemsha barabarani, likazima, na sasa haliwaki. Fundi wa kwanza amekwambia injini imekufa, tafuta nyingine. Huenda ni kweli. Lakini vipo vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe uani kwako, na vingi havigharimu kitu. Tuchukue mfano wa injini ya petroli ya silinda nne, kama ile 1NZ ya lita 1.5 iliyomo kwenye Toyota IST nyingi.

Uanzie wapi? Subiri injini ipoe kabisa, maana ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi, yaani bamba jembamba linaloziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Ute kidogo chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake usikutishe. Gari la safari fupifupi huwa nao.

Je, injini inazunguka? Chomoa waya wa hasi wa betri na plagi zote nne, kisha tia soketi kwenye boloti ya puli ya chini na uizungushe taratibu kwa mkono, kuelekea upande wa mishale ya saa. Ikigoma, usilazimishe. Legeza beliti ya nje ujaribu tena, kwa sababu kompresa ya AC iliyoshika inaweza kuizuia injini iliyo nzima. Na kama gari lilizimikia kwenye mafuriko, tuseme pale Jangwani jijini Dar es Salaam, usiguse stata kabla ya kutoa plagi. Maji hayagandamiziki, hivyo pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, konrodi, chuma kinachoibeba, hupinda.

Ikizunguka, pima kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kukandamiza hewa. Geji yake unaweza kuazima kwa fundi. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, rudisha waya wa betri, mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini huku akipiga stata, na wewe usome geji silinda moja baada ya nyingine. Injini nyingi za petroli zilizo nzima hutoa kati ya psi 150 na 200, lakini kinachosema zaidi ni tofauti baina ya silinda. Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake. Ikishuka moja tu, tia humo kijiko kimoja cha chai cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, tazama valvu.

Sasa, ufungue au usifungue? Kama kabla ya kuzima injini ilikuwa inagonga kwa chini, na oili ukiimwaga ina vipande vya chuma vinavyometameta, kufungua hedi ni kujichosha. Beringi za chini zimekwisha, na huenda injini iliyotumika ikakugharimu pungufu ya matengenezo. Kama dalili zote zinaelekea kwenye gasketi, fungua juu tu. Chini achana nako.

Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, hasa alama za cheni ya taimingi. Boloti zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Boloti za hedi zilegezwe kidogokidogo, ukianzia pembeni kuingia katikati. Ukizilegeza ovyo, unaweza kuipinda hedi iliyokuwa nzima. Wakati wa kufunga, anzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Usisugue bloku kwa msasa, kwani chembe zake huingia kwenye oili na kula beringi.

Hedi ikishatoka, lalisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, kisha jaribu kupitisha chini yake jani la geji ya kupimia mwanya, lenye unene wa milimita 0.05. Likipita, hedi imepinda na inahitaji kupelekwa karakana ya mashine ikachongwe. Dai wapime pia nyufa, maana hedi iliyopasuka itakula gasketi mpya ndani ya muda mfupi. Gharama hugawanyika sehemu tatu: seti ya gasketi, kuchonga, na oili pamoja na maji mapya ya rejeta. Kwa Dar es Salaam ulizia bei maduka matatu ya Kariakoo, na kwa Nairobi yale ya Kirinyaga Road, ukiwa na namba ya injini mkononi. Ulizia pia bei ya injini nzima iliyotumika siku hiyohiyo, kabla hujalipia kuchonga.