AHADI YA MUNGU NA MASHAURI YETU

Masomo: Yakobo 4:13-15, Matendo 16:6-10, Isaya 55:10-11.

Ndugu wapendwa, someni kwanza maneno hayo katika Biblia zenu, ndipo mfuate fundisho hili.

Mtu wa pwani ya ziwa hufanya shauri kila siku. Mvuvi asema, Usiku huu nitatega nyavu upande wa Ukerewe. Mkulima wa pamba asema, Mavuno haya yatamsomesha mtoto wangu. Si vibaya. Yakobo hamkemei mfanyi biashara kwa sababu amefanya hesabu, bali kwa sababu ameihesabu kesho kuwa mali yake. Ubaya huanza tunapolichukua shauri letu wenyewe na kuliita ahadi ya Mungu. Hapo shauri likivunjika, twadhani kwamba Mungu amesema uongo.

Tazameni mambo yaliyotendeka katika ziwa letu. Mwaka wa 1876 chama cha Church Missionary Society kilituma watu wanane kutoka Uingereza waende Buganda kwa Kabaka Mutesa. Shauri lao lilikuwa jema. Walileta mashua ya moshi, lakini mito ya Wami na Kingani haikuwafikisha bara. Wakatumia magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa kwa kuumwa na mbung'o. Mashua, jina lake Daisy, ikachukuliwa vipande vipande na wapagazi mpaka Kageyi, katika nchi ya Wasukuma, si mbali na Mwanza. Huko Daktari John Smith akafa, Mei 1877. Mwezi wa Desemba Luteni Shergold Smith na mwenziwe O'Neill wakauawa Ukerewe, katika ugomvi ambao hawakuuanzisha wao. Katika wale wanane wakabaki kazini wawili tu, Wilson na Mackay.

Je, ahadi ya Mungu ilivunjika? La, hasha. Mungu hakuwaahidi ya kwamba mashua haitavunjika, wala ya kwamba hawatauawa. Bwana Yesu ameahidi kuwa pamoja na watu wake siku zote. Na Isaya afundisha ya kuwa Neno la Mungu ni kama mvua inyeshayo, halirudi bure. Ahadi ni hiyo. Mengine ni mashauri ya watu.

Basi Mackay alifanyaje? Alikuwa fundi. Alipofika Kageyi mwaka wa 1878, akaikuta Daisy imeharibika. Hakuketi akilia, wala hakusema, Mungu ameahidi, sina haja ya nyundo. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na mtawala Lukonge, akarudi salama. Akaitengeneza mashua. Safarini dhoruba ikaivunja tena. Yeye na Wilson wakakata sehemu ya katikati, wakaziunganisha ncha mbili, wakasafiri na mashua iliyokuwa fupi. Mwezi wa Novemba wakafika Buganda, na mwaka wa 1882 watu watano wa kwanza wa misioni hiyo wakabatizwa.

Mwaka wa 1887 Mackay akafukuzwa Buganda. Akakaa Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza kuunda mashua nyingine. Homa ikamwua Februari 1890, na mashua haijakwisha. Lakini Neno halikuingoja mashua hiyo. Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka wa 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kulipokea Neno kutoka Uganda. Hivyo kanisa la Kilutheri la upande wa magharibi lilijengwa mahali ambapo mbegu ilikwisha kuanguka.

Enyi walimu, angalieni msemavyo nyumbani mwa wenye msiba. Watu wa Mwanza wanakumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na mji na mamia ya watu wakafa. Nani athubutu kusema ya kwamba hakuna aliyesali ndani yake? Anayefundisha kuwa mwenye imani hazami, huwaongezea wajane jeraha. Sisi twafundisha hivi: mwenye imani, akifika ng'ambo au akizama, yu mkononi mwa Bwana wake.

Kwa hiyo tegeni nyavu, limeni mashamba, wekeni akiba ya kujenga nyumba ya ibada. Ila mashauri yenu yashikeni kwa mkono uliofunguka, na ahadi ishikeni kwa mkono uliofumbwa. Paulo alitaka kwenda Bithinia. Akazuiliwa, akapelekwa Makedonia. Naye alitii.

Maulizo ya kujibu mkutanoni:
1. Yakobo amkemea mfanyi biashara kwa neno gani?
2. Mungu aliwaahidi nini wale wanane, na nini hakuwaahidi?
3. Ni shauri gani lako ulilokuwa ukiliita ahadi ya Mungu?

Tuombe: Bwana, ubariki kazi ya mikono yetu. Nawe ukiyavunja mashauri yetu, usituache tulipoteze Neno lako. Amina.