Mafunzo Niliyopata kwa Popo wa Stockholm

1. Sikio kwanza, jicho baadaye. Nimekulia Pemba, ambako popo ni wa kutazamwa. Yule mkubwa mla matunda, Pteropus voeltzkowi, asiyepatikana kwingine duniani, hutegemea macho na pua, na kule Kidike wageni hulipa kiingilio wamwone mchana akining'inia mitini. Popo wa Stockholm ni wadogo, hula wadudu na huongozwa na mwangwi wa milio yao wenyewe. Milio hiyo hupita mitetemo 20,000 kwa sekunde, ukomo wa sikio la binadamu. Bila kifaa cha kuishusha, utasimama ukingoni mwa kinamasi cha Isbladskärret, kisiwani Djurgården, usikie mbu tu.

2. Juni inataka subira. Jua hutua saa nne usiku, na popo ndiyo kwanza wanatoka.

3. Usitangaze spishi adimu kwa mlio mmoja. Hapa ndipo penye kazi. Sweden imerekodi spishi 19, na baadhi hufanana sauti mno. Vespertilio murinus, aliyepewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1758, akiruka penye uwazi hutoa mlio unaoweza kuchanganywa na wa Nyctalus noctula. Wazoefu hawabishani, wanasubiri Oktoba. Baridi ikianza kuuma, dume wa murinus huzunguka majengo marefu akiimba, kama afanyavyo kwenye majabali, na wimbo huo haufanani na wa mwingine. Sauti iliyohifadhiwa, mahali na saa ndivyo vya kupeleka Artportalen, hazina ya kitaifa ya taarifa za viumbe. Shauku ya msikilizaji haithibitishi kitu.

4. Kupita si kuishi. Pipistrellus nathusii huhama, wengine zaidi ya kilomita 2,000, hivyo wa Septemba huenda yumo safarini. Akisikika Juni na Julai, majira ya kulea watoto, ndipo useme ana makazi. Na tusisahau kwamba pengine popo alikuwapo siku zote, kilicho kipya ni kifaa.

5. Wa nyumbani waambie kwa uangalifu. Waliokuwa Pemba mwaka 1995, hofu ya jini la usiku liitwalo Popobawa ilipotanda, hawapendi habari za popo usiku. Nilipomweleza shangazi yangu wa Wete ninachofanya jioni, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Mwanangu, huko Ulaya hamna kazi nyingine?"