FAHAMU: Kompyuta Kuukuu Katika Mtambo wa Maji ni Hatari kwa Mfereji Wako

Ukifungua mfereji asubuhi, hufikirii kompyuta. Lakini katika mitambo mingi ya kusafisha maji duniani, kompyuta ndiyo huamua pampu iwashwe lini, vali ifunguliwe kiasi gani na dawa kiasi gani itiwe majini. Vifaa hivyo vikizeeka, hatari humfikia kila mkazi.

Kisa cha Oldsmar

Tarehe 5 Februari 2021, mfanyakazi wa mtambo wa maji wa mji wa Oldsmar, jimbo la Florida, Marekani, aliripotiwa kuona mshale kwenye skrini ukitembea bila yeye kuugusa. Kiwango cha kostiki soda, ambayo hutiwa kidogo sana kupunguza asidi majini, kilipandishwa kutoka sehemu 100 hadi 11,100 kwa kila sehemu milioni moja. Alikirudisha mara moja. Hakuna aliyedhurika.

Ilibainika kuwa kompyuta za mtambo huo zilitumia Windows 7, programu ya mwaka wa 2009 ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Januari 2020. Wafanyakazi pia walitumia neno la siri moja kuingia kutoka mbali. Baadaye, shirika la upelelezi la FBI lilisema halikuweza kuthibitisha kuwa ulikuwa uvamizi wa kimtandao. Somo linabaki: neno la siri likiwa la wote, ni vigumu kujua nani alifanya nini.

Kwa nini mitambo hubaki na vifaa vikuukuu?

Pampu nzuri inaweza kudumu miongo kadhaa, ilhali programu inayoiendesha huachwa na mtengenezaji mapema zaidi. Kuibadilisha huenda kukahitaji kuzima mtambo na kukatiza watu maji. Kwa hivyo wasimamizi husema, "Bado inafanya kazi." Hatari ni hizi:

• Dosari mpya za usalama zikigunduliwa, hazirekebishwi.
• Kifaa kikiharibika, vipuri havipatikani madukani.
• Fundi aliyeufahamu mfumo akistaafu, ujuzi huondoka naye.

Hatua zinazosaidia

Si lazima kila kitu kinunuliwe upya kwa siku moja. Mtambo unaweza kuanza hivi:

1. Kuorodhesha kila kifaa cha udhibiti, umri wake na programu yake.
2. Kutenganisha kompyuta za mitambo na intaneti pamoja na kompyuta za ofisi.
3. Kumpa kila mfanyakazi neno lake la siri, na kulifuta anapoondoka kazini.
4. Kuhifadhi nakala ya programu na mipangilio mahali salama.
5. Kuwafunza wafanyakazi kuendesha mtambo kwa mkono kompyuta zikizima.

Nafasi yako, mkazi

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji ni jukumu la kaunti, na wakazi wana haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Katika vikao hivyo huwa tunaitisha mabomba na matangi, kwa kuwa yanaonekana. Safari ijayo uliza pia: mfumo unaoendesha mtambo wetu una umri gani, na umetengewa pesa ngapi za kuuboresha? Na maji yakibadilika rangi, harufu au ladha ghafla, usiyanywe. Piga ripoti mara moja kwa kampuni inayokuuzia maji.

Kuwa macho kazini husaidia. Kinga ya kudumu ni kukarabati kabla ya kuharibika.