Habari za Sayansi Darasani: Somo Kutoka Idete

Wanafunzi wa Bonde la Kilombero husikia habari za sayansi kabla ya kuzikuta vitabuni. Redio ikitangaza chanjo ya malaria, mtaani huzuka maneno kwamba sasa chandarua hakina kazi. Mwalimu anaweza kuitumia habari ya namna hiyo kuwafundisha wanafunzi kupima dai, na mfano unaofaa umo humu humu bondeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijiji cha Idete kilishiriki jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walichomwa chanjo, na wengine sindano isiyo na chanjo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionesha kinga ya asilimia 31 dhidi ya homa ya malaria.

Mwalimu aandike ubaoni, "Chanjo imekinga kwa asilimia 31," kisha aliongoze darasa kwa maswali manne.

Kwanza, nani alilinganishwa na nani? Wanafunzi waeleze kwa nini kundi la pili lilihitajika, na kwa nini wazazi hawakujua mtoto wao yumo kundi lipi.

Pili, asilimia hiyo ina maana gani? Iwapo watoto 100 wangeugua bila chanjo, 69 wangeugua hata baada ya kuchanjwa.

Tatu, watafiti wana uhakika kiasi gani? Walieleza kwamba kinga halisi ingeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Kidato cha tatu na cha nne wajadili upana wa pengo hilo.

Nne, je, jaribio limerudiwa kwingine? Lilirudiwa Gambia na Thailand, na huko chanjo haikuonesha kinga ya kuaminika. SPf66 ikaachwa.

Hapo darasa lilinganishe na habari za karibuni. Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RTS,S kwa watoto wa maeneo yenye malaria, baada ya majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Hata hivyo, Shirika hilo linasisitiza kwamba chanjo itumike pamoja na vyandarua na matibabu ya mapema, kwa kuwa haizuii kila ugonjwa.

Somo hili latosha kipindi kimoja cha dakika 40, na vifaa vyake ni ubao na chaki tu. Kwa kazi ya nyumbani, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu za kumjibu jirani anayetaka kukunja chandarua cha mtoto kwa sababu amesikia habari ya chanjo, kisha azisome kwa wazazi wake jioni hiyo.