Tangi kwanza, chupa baadaye

Kuanzia Novemba maembe ya Tabora huiva kwa wingi kuliko walaji, na mengi huishia kuoza chini ya miembe, ikiwamo ile iliyostawi tangu zama za misafara kandokando ya njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Ni halali kabisa kwa mkulima kufikiria kuyageuza kuwa mvinyo, kama ambavyo mfuga nyuki anaweza kufikiria kuifanya wanzuki, pombe ya asali, kuwa biashara rasmi. Lakini wengi huanza na swali la lebo na chupa, ilhali swali la kwanza ni hili: tangi litakuwa la nani? Katika biashara ya mvinyo faida humfuata anayeweza kusubiri bei, na asiye na tangi hawezi kusubiri.

Ushahidi uko karibu, Dodoma, kwenye reli hiyohiyo ya kati. Mzabibu wa huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishakatwa ina siku chache tu kabla ya kuharibika. Mkulima anayeuza zabibu mbichi huingia kwenye mazungumzo ya bei huku mzigo wake ukinyauka kwenye kreti. Mwenye mkataba na kiwanda ana unafuu, mradi mkataba utaje bei, kiwango cha sukari na siku ya malipo. Zabibu zikishakamuliwa, zikachachuka na kuwa mchuzi wa zabibu ndani ya tangi safi lililofungwa vizuri, bidhaa hukaa miezi kadhaa na muuzaji hupata muda wa kutafuta mnunuzi. Ngazi ya juu kabisa ni kufungasha kwa jina lako mwenyewe. Ngazi hizo zinaweza pia kupandwa kwa pamoja: wakulima wa Maraussan, kusini mwa Ufaransa, waliungana mwaka 1901 bei ya mvinyo ilipoporomoka. Hawakuanza kwa kugawana mashamba, bali waliuza mvinyo wao kwa pamoja, kisha wakajenga jengo lao la kusindikia.

Funzo hilo halimaanishi kupanda mizabibu Tabora. Mvua zetu ni nyingi kuliko za Dodoma, na unyevu huo ni karamu kwa magonjwa ya ukungu. Tuna mazao mawili yanayosaidiana: embe lisilosubiri na asali inayosubiri. Asali iliyorinwa kutoka masega yaliyofunikwa nta, yenye maji yasiyozidi asilimia 20, kwa kawaida hukaa kwenye ndoo iliyofungwa bila kuchacha. Weka tone moja kwenye kioo cha kipima unyevu, kielekeze kwenye mwanga, soma mstari: hadi 20, uza kama asali ya mezani, juu ya hapo, ipeleke kwenye tangi la wanzuki ingali safi. Hivyo tangi hupata kazi hata msimu wa maembe ukishapita, na gharama yake haibebwi na zao moja.

Tangi la namna hiyo ni la kikundi, na wapo watakaosema ushirika umewachosha. Wana hoja, kwa sababu wakulima wa tumbaku wa mkoa huu wanajua uchungu wa kukatwa fedha kwa deni la mwenzao. Ila kilichowaumiza ni dhamana ya pamoja kwenye mikopo ya pembejeo, na tangi halihitaji dhamana hiyo. Kila mwanachama alipe ada kwa lita anazosindika, mali yake iandikwe kwa jina lake, na hesabu zisomwe hadharani kila msimu. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora, kilichoanzishwa mwaka 1962, kilikusanya asali na nta za warinaji waliotawanyika porini na kuziuza hadi nje ya nchi. Kuuza pamoja si jambo geni kwetu.

Wengine watasema chupa ndiyo yenye bei. Kweli, lakini ndani ya bei hiyo mna chupa yenyewe, kizibo, alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS), stempu za ushuru, usafiri, na duka linalolipa baada ya kuuza. Kikundi kisicho na akiba ya kuhimili miezi hiyo kitaiuza chupa yake kwa hasara ileile ya embe bichi. Bora kiuze kwa jumla kwa mfungashaji mwenye leseni, kijenge mtaji, kisha kipande ngazi.

Kwa hiyo kabla ya Novemba, kikundi kikae na kuhesabu kilo za maembe na asali za wanachama wa kweli, wala si za wale wanaotarajiwa. Kiende SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuuliza ukubwa wa tangi unaolingana na kilo hizo, kiulize TBS na mamlaka ya mapato (TRA) masharti ya kileo, na kimpate mnunuzi mmoja wa jumla kwa maandishi. Kama mnunuzi hajapatikana, msimu huu uzeni asali iliyopimwa, na fedha za tangi zibaki benki hadi mwakani.