Kutoka Cheti cha Ufundi hadi Karakana Yako: Mwongozo kwa Kijana wa Elerai

Cheti cha ufundi stadi hakifungui biashara. Wateja ndio wanaoifungua, nao hutafutwa kabla ya fremu. Vijana wengi hufanya kinyume: wakitoka chuo tu, mzazi anauza ng'ombe, fremu inalipiwa kodi ya miezi sita na kilemba juu yake, kisha mashine inakaa kusubiri kazi. Nitazungumzia uchomeleaji vyuma, ingawa seremala na fundi cherehani nao watajiona humu.

Hatua ya 1: Chagua fani kwa kuutazama mji

Vyuo vipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, na Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwapo tangu 1978. Ila kabla ya kuchukua fomu, zunguka kwanza. Elerai yetu, hapa Arusha, bado inajengwa, na kila nyumba inataka geti na grili. Kisha kuna utalii: Land Cruiser hurefushwa chesi, paa likakatwa na kuwekwa la kunyanyuka ili mgeni asimame apige picha. Kazi hiyo hapewi anayejifunza.

Kama ufundi uliupata mtaani, VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua. Utumie.

Hatua ya 2: Fanya kazi kwa mwenye karakana

Chuo kitakufundisha kuchomelea. Hakitakuonyesha bosi anavyonunua vyuma, wala anavyomjibu mteja anayelia bei. Kaa naye angalau misimu miwili, macho yakiwa kwenye daftari lake kuliko kwenye moto. Ukiondoka, usimwibie wateja. Mafundi wa mji huu wanajuana.

Hatua ya 3: Jifunze kupanga bei

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa hukisia. Mteja akitaka geti, andika kila kitu: bomba, bati, bawaba, kitasa, elektrodi, diski za grinda, rangi na tina, Luku, kirikuu ya kulipeleka, posho ya saidia. Halafu weka ujira wako. Halafu, kando kabisa, weka faida ya biashara. Ujira ni wa kula nyumbani. Faida ndiyo itakayonunua mashine ya pili. Fundi asiyetenganisha hivi viwili anaweza kufanya kazi miaka kumi akabaki na grinda ileile.

Kishika uchumba kitoshe kununua vyuma vyote vya kazi hiyo. Kisipotosha, utanunua vyuma vya geti la mama mmoja kwa hela ya mzee mwingine, na ile "njoo kesho" iliyowachosha wateja wa mafundi huanzia hapo. Taja siku unayoiweza, iandike kwenye karatasi, mpe nakala.

Hatua ya 4: Sasa tafuta fremu na karatasi

Kabla ya kulipa kodi, hakikisha umeme wa njia tatu unafika, na ongea na mwenyekiti wa mtaa kuhusu kelele. TIN hutolewa bure na TRA, jina la biashara husajiliwa BRELA, leseni hutoka halmashauri ya jiji. Ushauri wa mashine ufuate SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Kuhusu mtaji: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vijana huomba kwa kikundi, basi chagua watu uliokwisha fanya nao kazi. Kikundi kilichokusanywa kwa ajili ya mkopo tu huvunjika siku hela ikiingia.

Hatua ya 5: Fuata msimu

Masika, Aprili na Mei, watalii hupungua na magari ya safari huingia karakana. Nenda kwenye kampuni hizo Februari, picha za kazi zako zikiwa kwenye simu. Ukisubiri Aprili, utakuta fundi ameshapatikana.